Wikendi ya historia shambani: nani atakaa barazani, nani atarudi kambini?

Wiki mbili zilizopita, baada ya kipindi cha asubuhi, tulipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa msikilizaji wetu wa Tangini, Kibaha. Alikuwa ameona video kwenye simu ya mwanawe. Wazungu wazima, wake kwa waume, wamevaa nguo za karne zilizopita. Wanakamua maziwa kwa mkono, wanaoka mikate kwenye tanuri la udongo na kusalimiana kwa maneno ya kizamani mbele ya jumba kubwa la shamba. Watu wamelipa kiingilio kuja kuwatazama. Swali lake lilikuwa na sehemu mbili: hicho ni kitu gani, na kwa nini sisi wenye mashamba ya zamani huku Pwani hatukifanyi?

Sehemu ya kwanza inajibika upesi. Ya pili ndiyo iliyotufanya tuandike makala hii, kwa sababu dakika tano za hewani hazikutosha, na kwa sababu wasikilizaji waliopiga simu siku iliyofuata waligawanyika. Wapo walioona biashara hapo. Wapo pia waliouliza, kwa hasira kidogo, kama tunataka wajukuu wa manamba warudi kuigiza umanamba mbele ya wageni.

Hasira hiyo ina sababu. Tutaifikia.

Kinachoitwa historia hai

Kwa Kiswahili chepesi tunaweza kukiita historia hai. Badala ya kufungia vitu vya kale kwenye kabati la kioo, watu wanavaa, wanapika, wanalima na kuzungumza kama wa zamani, na mgeni anapita katikati yao akiuliza maswali. Anayetajwa sana kuwa mwanzilishi ni Artur Hazelius wa Sweden. Mwaka 1891 alifungua mahali panapoitwa Skansen, mjini Stockholm, akahamishia hapo nyumba za wakulima kutoka pande mbalimbali za nchi yake, maana aliona viwanda vinayameza maisha ya vijijini. Ndani ya nyumba hizo aliweka watu waliovaa mavazi ya huko zilikotoka.

Uingereza nako, kwenye jumba la Kentwell lililoko Suffolk, tangu mwaka 1979 watu wa kujitolea wamekuwa wakikusanyika kuigiza maisha ya karne ya 16. Wapo wanaocheza bwana na bibi wa jumba, lakini wengi ni wapishi, wafua vyuma, wafuma nguo na watu wa mazizini. Video aliyoiona msikilizaji wetu inaelekea kuwa ya huko, au ya mahali kama huko.

Kwa Mwingereza kuigiza mtumishi wa mwaka 1550 hakuumizi mtu. Ni mbali mno. Mambo hubadilika pale shamba linapokuwa la watu walionunuliwa au kulazimishwa, na wajukuu wao wangali hai, wangali maskini kwa sababu hiyohiyo. Hapo mfano wa kutazama ni Williamsburg, katika jimbo la Virginia, Marekani. Mji huo mkongwe ulianza kukarabatiwa mwaka 1926 kwa fedha za tajiri John D. Rockefeller wa pili. Kwa miaka mingi wageni walionyeshwa mabwana wenye mawigi na mabibi wenye magauni mapana. Ukweli ni kwamba katika karne ya 18 karibu nusu ya wakazi wa mji ule walikuwa Weusi, wengi wao watumwa, na kwenye maonyesho ilikuwa kama hawakuwahi kuwapo. Waigizaji Weusi wa kuisimulia sehemu yao waliingizwa mwaka 1979, zaidi ya miaka hamsini baada ya ukarabati kuanza.

Tarehe 10 Oktoba 1994 waliigiza hapo mnada wa watumwa. Aliyeongoza kazi hiyo, Christy Coleman, ni mwanamke Mweusi, na yeye mwenyewe alisimama mnadani akiigiza mjamzito anayeuzwa. Chama cha kutetea haki za Weusi, NAACP, kilipinga kabla: machungu ya mababu si burudani ya watalii. Mnada ukafanyika huku watu wakilia, na mmoja wa viongozi waliokuja kupinga akakiri baadaye kwamba alichokiona kilimbadilisha mawazo. Wengine hawakubadilika. Ubishi ule haujaisha mpaka leo, na sidhani kama unapaswa kuisha, kwa sababu pande zote mbili zinasema kitu cha kweli.

Sisi tunacho, kwa jina jingine

Turudi nyumbani. Ukishuka stendi ya Makumbusho, Dar es Salaam, unafika kwa miguu Kijiji cha Makumbusho, kilichoanzishwa miaka ya 1960 kando ya Barabara ya Bagamoyo. Humo mna msonge wa Wahaya, tembe ya Wagogo na nyumba nyingine za asili, na tangu miaka ya 1990 kumekuwa na siku za utamaduni ambapo watu wa jamii fulani huja na ngoma zao, vyakula vyao, dawa zao na maelezo yao. Hiyo ni historia hai, hata kama hatuiiti hivyo. Siku hizi hata serikali ina tamasha lake la utamaduni la kitaifa. La Septemba 2024 lilifanyika Songea na Rais Samia Suluhu Hassan alihudhuria. Songea hiyohiyo kila Februari huwakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906.

Kwa hiyo hatuanzi sifuri. Nina neno moja tu juu ya matamasha haya, na walioyaandaa wanisamehe: yamejaa ngoma mno. Mzaramo akiletwa jukwaani analetwa akicheza. Mkewe analetwa akitwanga. Wanaonyeshwa kana kwamba waliishi nje ya wakati, hawakujua kodi ya kichwa, wala reli, wala mnyapara, wala mzungu wa pamba. Mtoto anayetazama anaondoka akijua babu zake walivaa nini, lakini hajui kwa nini babu yake huyohuyo alikutwa Kimamba akikata mkonge, maili nyingi kutoka kwao.

Ndiyo maana wazo la msikilizaji wa Tangini lina uzito. Yeye hakusema ngoma. Alisema shamba. Na shamba, kwa mkoa huu na kwa nchi hii, ndipo mambo mengi yalipotokea.

Majani, korona na kadi ya siku thelathini

Mkonge haukuwa mmea wetu. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Asili yake ni Mexico. Safari ilikuwa ndefu na ilipofika pwani ya Pangani ilikuwa imebaki hai miche 62. Kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba yaliyotapakaa Tanga, Morogoro, Lindi na kando ya reli ya kati kutoka huku kwetu hadi Kilosa. Kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka, na hakuna nchi iliyokuwa mbele yake duniani.

Tani zile zilibebwa na migongo. Wenyeji wa pwani wengi hawakupenda kibarua cha mkonge, kwa hiyo watu waliletwa kutoka mbali: Waha wa Kigoma, Wangoni wa Songea, Wanyakyusa, Wanyaturu, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, Warundi. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi maalumu ya kukusanya vibarua, iliyojulikana kama SILABU. Mtu alisajiliwa, akapewa namba, akapandishwa gari au treni. Kutokana na namba hiyo ndipo lilipozaliwa neno manamba, na wengi wetu tunalitumia leo kama tusi bila kujua linakotoka.

Akifika shambani alipewa kipande. Kipande ni kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Unaingia shambani alfajiri, unakata majani, unayafunga matita, nyapara anahesabu. Ukifikisha kiasi, siku yako inawekwa alama. Usipofikisha kwa sababu ya homa, mvua au mwiba uliokuingia jichoni, siku ile haipo. Mshahara unatoka kadi ikijaa. Kwa hiyo mwezi wa manamba haukuwa na siku 30 za kalenda. Ungeweza kuwa na 40 na zaidi, wakati posho ya unga ni ileile na kambi ni ileile, chumba kimoja watu kadhaa.

Majani yalipelekwa kiwandani kwenye mashine ya kuchana. Mashine hiyo wafanyakazi waliiita korona, kutokana na jina lililoandikwa ubavuni mwake. Mzee mmoja aliyefanya kazi Ngerengere aliniambia kwamba ugonjwa wa korona ulipotangazwa mwaka 2020 yeye alicheka kwanza, akadhani redioni tunaongelea ile mashine, maana nayo ilikuwa inaua. Singa inayopatikana ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Kilichobaki ni maji machungu na makapi, na harufu yake, kwa waliowahi kupita karibu, haisahauliki.

Watu hawakukubali tu. Miaka ya 1950 chama cha wafanyakazi wa mkonge kilikua haraka, migomo ikawa mingi, na mgomo wa shamba la Mazinde, Tanga, ulijulikana nchi nzima. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 serikali ilichukua sehemu kubwa ya mashamba. Wakati huo bei ilikuwa imeshaanza kuanguka kwa sababu kamba za plastiki zilikuwa zimeingia sokoni. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji haukufika hata tani 30,000.

Huku Kisarawe kuna shamba la namna nyingine, na hili halina jumba la kutembelea. Mwaka 1902 serikali ya Kijerumani iliamuru mashamba ya pamba ya pamoja katika wilaya ya Dar es Salaam, iliyokuwa pamoja na Uzaramo. Kila jumbe alitakiwa awe na shamba, na watu wake walifanya kazi humo kwa zamu. Fedha ya mauzo iligawanywa kati ya jumbe, serikali ya wilaya na wafanyakazi. Mwaka wa kwanza mgao wa mfanyakazi ulikuwa senti 35. Kwa mwaka mzima. Wengine walikataa hata kuzishika. Julai 1905 Wamatumbi waling'oa pamba, Majimaji ikaanza, na mwezi uliofuata moto ulikuwa umefika Uzaramo. Kibasila, ambaye wengi wanamjua kama jina la shule ya sekondari Dar es Salaam, alikuwa kiongozi wa Wazaramo aliyenyongwa na Wajerumani.

Sasa jiulize: wikendi ya historia shambani ingeonyesha nini kati ya hayo yote?

Jumba linabaki, kambi inaoza

Kuna mfano jirani wa kutufumbua macho. Nje kidogo ya Nairobi, chini ya vilima vya Ngong, ipo nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1912. Mwaka 1917 alihamia humo Mdenmark Karen Blixen, mwenye shamba la kahawa la maelfu ya ekari. Kahawa haikustawi, ardhi haikufaa na mahali palikuwa juu mno. Mwaka 1931 shamba liliuzwa, naye akarudi kwao. Mnunuzi aliikata ardhi ikawa viwanja vya ekari ishirini ishirini, na hicho ndicho kitongoji cha matajiri kinachoitwa Karen leo. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya nyumba hiyo kama zawadi ya uhuru, na mwaka 1986, baada ya filamu kuhusu maisha ya mama huyo kupata umaarufu, ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Ni mahali pazuri, sikatai. Kitanda kipo, vyombo vipo, mashine za kahawa zipo bustanini. Lakini wale mamia ya Wakikuyu waliokuwa wakiishi kwenye ardhi hiyo na kulipa kwa kazi ya mikono yao, ambao shamba lilipouzwa walitakiwa waondoke, nyumba zao ziko wapi? Zilikuwa za miti na udongo. Zimeoza. Tunalijua jina la mpishi Kamante Gatura kwa sababu mwajiri wake alimwandika, na kwa sababu mwaka 1975 yeye mwenyewe alipata nafasi ya kutoa kitabu cha masimulizi yake. Wengine wote ni vivuli.

Hali ya shamba lolote la zamani ni hiyo, hata hapa. Jumba la meneja lilijengwa kwa mawe na bati zito, likawekwa juu ya kilima penye upepo. Kambi ilijengwa bondeni kwa vitu vya kuoza. Miaka sitini baadaye mwandaaji wa wikendi anakuja na kamera, anakuta jumba limesimama na kambi ni kichaka. Bila ubaya wowote moyoni mwake, historia inahamia barazani. Anatafuta kijana wa kuvaa kanzu nyeupe na kufezi chekundu abebe sinia la chai. Wageni wanapiga picha. Hapo ndipo wajukuu wa manamba wanapokasirika, na mimi nasimama upande wao.

Sheria nayo haitusaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 1979, inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Kwa hiyo magofu ya Kaole, ambayo sasa yako chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, yamelindwa. Lakini mkonge wenyewe ulifika mwaka 1893! Hakuna jumba la meneja, kiwanda wala kambi ya mkonge inayoweza kuangukia humo kwa umri. Ili kilindwe, lazima waziri akitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Asipotangaza, mwenye ardhi akibomoa ili apime viwanja hajavunja sheria hiyo. Na sisi wa Kibaha hatuhitaji kuelezwa kasi ya viwanja. Ulipoacha pori mwaka juzi, leo kuna ukuta na geti.

Fedha ya mlangoni

Tuseme pamepatikana mahali. Wageni wasingekosekana. Treni ya SGR iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 inapita Pugu, Soga na Ruvu, na mtu wa mjini mwenye watoto Jumamosi anatafuta pa kwenda. Swali ni fedha inaishia wapi.

Wasanii wa ngoma wa vijijini wanajua jibu la kawaida. Unapigiwa simu Alhamisi, unaambiwa kikundi kije Jumamosi saa mbili, gari litawafuata. Mnacheza mpaka jioni. Mnapewa fulana yenye nembo, soda na nauli ya kurudi, na mnaambiwa mmetangazwa. Kiongozi wa kikundi akiuliza malipo anaonekana hana uzalendo. Nimeshuhudia hili zaidi ya mara moja nikiwa na kipaza sauti mkononi, na nilinyamaza kwa kuwa nilikuja kutangaza tukio. Sijivunii.

Njia nyingine ipo na imejaribiwa nchini. Miaka ya 1990 ulianzishwa mpango wa utalii wa kitamaduni, ukianzia vijiji vya kaskazini kama Longido na Ng'iresi, kwa msaada wa shirika la Kiholanzi la SNV pamoja na Bodi ya Utalii. Kanuni yake ilikuwa kwamba anayeongoza wageni ni mwenyeji, na sehemu ya ada ya kila mgeni inakwenda kwenye mfuko wa kijiji, ikajenge darasa au josho. Haukuwa mpango usio na kasoro, na kila penye mfuko pana wanaoutazama kwa jicho la njaa. Lakini mkataba ulikuwapo kabla mgeni hajafika. Yeyote atakayewafuata wanakijiji wa huku na wazo la wikendi, kitu cha kwanza cha kumuuliza ni karatasi: nani analipwa nini, picha na video ni za nani, na mwakani nani ataamua kama lirudiwe. Afisa utamaduni wa halmashauri awepo mnapoongea, na serikali ya kijiji iweke kwenye muhtasari.

La pili ni mipaka. Si kila kitu kinaigizwa. Uzaramo kuna mambo ya mkole na ya jando ambayo wenyewe hawayatoi nje. Kuyatoa ili kunogesha Jumamosi ni kuuza mali isiyo yako. Na kiboko je? Wazee wa zamani walikuwa na msemo wa hamsa ishirini, viboko 25 vya Mjerumani. Mnada wa Williamsburg ulifanywa na watu waliojifunza kazi hiyo miaka mingi, chini ya mwanamke ambaye historia ile ni ya kwao. Kijana aliyeokotwa juzi kwenye kikundi cha maigizo, akimlaza mwenzake na kumchapa mbele ya watoto wanaokula bisi, atapata kicheko tu. Mimi ningeacha kiboko. Ningeweka meza na kipande juu yake, na mgeni apewe panga la plastiki na matita ya kuhesabu mpaka mgongo umuume, kisha nyapara amwambie hajafikisha, siku yake haipo. Ataelewa bila kuchapwa mtu.

Bila jumba wala geti

Wapo watakaosema hayo yote yanataka fedha. Baadhi hayataki hata senti.

Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa Pugu mpaka alipojiuzulu Machi 1955, na safari zake kati ya shule hiyo na mjini kwa kazi za TANU ni sehemu ya historia ya uhuru. Shule yoyote ya sekondari ya Kisarawe inaweza kuwatembeza wanafunzi sehemu ya njia ile Jumamosi asubuhi, chupa ya maji mkononi, mwalimu wa historia akiwa mbele. Hiyo ni historia hai, na gharama yake ni viatu.

Kibaha nayo ina shamba lake lenye historia, ingawa hatulifikirii hivyo kwa sababu tunapita hapo kila siku kwenda hospitali ya Tumbi. Mwaka 1963 Sweden, Denmark, Norway na Finland zilianza na Tanganyika mradi wa pamoja wa kupambana na ujinga, maradhi na umaskini: shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima, mahali pamoja. Januari 1970 ukakabidhiwa kwa serikali yetu na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Inachekesha kidogo kwamba nchi ya Hazelius, aliyekusanya nyumba za wakulima wa kwao zisipotee, ilikuja kusaidia kuwafundisha wakulima wa kwetu kuacha namna ya zamani. Waliofika hapo wakiwa vijana, wapishi, madereva, wanafunzi wa kwanza, wauguzi, wako mitaani kwetu. Walifundishwa nini ambacho tayari walikijua? Nani alikuwa akila meza gani? Siku moja ya mazungumzo chini ya mwembe, wao wakiwa wasemaji na vijana wakiwa wasikilizaji, ingetupa mambo ambayo hayamo kwenye ripoti yoyote.

Haraka iko hapa. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka wa uhuru, akakata mkonge au akasukuma kitoroli cha majani, sasa amepita 80. Jumba linaweza kusubiri waziri. Mtu huyu hawezi.

Simu iliyo mkononi mwako ina kinasa sauti. Mwombe ruhusa kwanza, mwambie utakayoyafanyia maneno yake. Usimuulize habari za zamani kwa jumla, maana atakujibu kwa jumla. Atasema maisha yalikuwa mazuri, vitu vilikuwa rahisi, na mtaishia hapo. Muulize mambo madogo. Uliamka saa ngapi? Nani alikuwa nyapara wenu na alikuwa mtu wa wapi? Posho ilikuwa nini na iliisha siku ya ngapi? Mke wako ulimkutia wapi? Wimbo mliokuwa mkiimba mkikata ulimsema nani? Mpe muda wa kunyamaza, usimrukie kumalizia sentensi. Kisha tunza faili mahali pawili, maana simu huibiwa na huanguka majini.

Ukitaka tuzirushe hewani, tutumie kwa namba ileile ya studio, ukitaja jina la kijiji na la shamba. Msikilizaji wetu wa Tangini ameshatuma ya kwanza. Ni ya baba yake mdogo, dakika kumi na nne, na karibu zote anaeleza jinsi ya kufunga tita lisifunguke. Katikati anasimama na kuuliza kama kuna mtu bado anaijua namba yake ya kipande, kisha anaitaja ya kwake, tarakimu nne, bila kufikiri.